Maswali ya wasomaji: Uzazi wa kijana mwenye saratani, kabla ya dripu ya kwanza

Dripu za dawa za saratani, yaani kemo, na mionzi vinaweza kukata kizazi. Barua sita kutoka Dodoma na Singida zimetufikia, zote zikizunguka jambo moja: kijana akikutwa na saratani, nani anamuuliza kuhusu watoto atakaowataka baadaye, na anamuuliza lini? Majibu yameandaliwa na daktari wa saratani, daktari wa magonjwa ya wanawake na mfamasia. Majina ya walioandika tumeyaacha kando.

Habari zenu. Mwanangu wa kiume ana miaka 15 na amekutwa na saratani ya tezi za limfu, ile wanayoiita Hodgkin. Jumatatu tunapanda treni kwenda Dar es Salaam kuanza dawa. Shemeji yangu ameniuliza kama tumeambiwa habari ya kuhifadhi mbegu za uzazi. Hatujaambiwa. Je, zinaweza kuchukuliwa hapa Dodoma tukazibeba kwenye kopo? Na mtoto wa miaka 15 anazo? — Mama, Chamwino

Mama, kwenye kopo hazifiki. Mbegu zikishatoka zinatakiwa ziwe maabara ndani ya saa moja, zikiwa na joto la mwili. Treni ya SGR peke yake inakula zaidi ya saa tatu, na hapo hujatafuta bajaji ya kutoka stesheni. Anayesafiri ni kijana mwenyewe, na mbegu anazitoa hukohuko, chumba jirani na maabara.

Kama anazo au hana, kinachotazamwa ni kubalehe, si tarehe iliyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Sauti imevunjika? Anaota ndoto nyevu? Daktari hupima korodani kwa kuzilinganisha na mfuatano wa shanga zilizoandikwa namba. Zikifika mililita 10 hivi, kuna matumaini mazuri. Kijana wa miaka 15 mara nyingi amevuka hapo.

Mna siku chache, basi zitumieni hivi. Leo pigeni simu kwenye vituo vya Dar vinavyotungisha mimba maabara, vile ambavyo watu huviita vya IVF. Ulizeni maswali manne: mnagandisha mbegu za mgonjwa wa saratani aliye chini ya miaka 18? Mnataka vipimo gani vya damu? Kugandisha ni shilingi ngapi? Kutunza kwa mwaka ni shilingi ngapi? Hayo mawili ya mwisho myaulize mbalimbali, kwa sababu watu hutajiwa bei ya kugandisha tu, ile ya kila mwaka ikaja kuwashtua baadaye. Kwa kawaida watataka vipimo vya VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Vifanyieni Dodoma kabla hamjaondoka, majibu yawe na muhuri wa hospitali. Sababu ni kwamba mtungi mmoja wa kugandishia hubeba mbegu za watu wengi, na za mwenye maambukizi hutengwa.

Tangu sasa kijana akae siku mbili au tatu bila kutoa mbegu. Akifika Dar atoe mara ya kwanza, apumzike siku moja au mbili, atoe tena. Kwa hiyo mwambieni daktari wa saratani mapema: "Tunaomba dripu ya kwanza isubiri hadi mtoto atoe mbegu." Kwa mgonjwa aliye imara, siku tatu nne hazibadilishi matokeo ya Hodgkin. Kama uvimbe wa kifuani unambana pumzi, daktari atakataa, na atakuwa na haki. Hapo itolewe mara moja tu kabla ya dawa. Moja si haba: siku hizi mtaalamu huweza kuchoma mbegu moja ndani ya yai moja kwa sindano, basi hata chache zina kazi.

Yanayoharibu ni madogo madogo. Mate au mafuta ya kulainishia huua mbegu. Kondomu ya dukani pia, achana nayo. Matone ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi, kwa hiyo kama yamemwagika pembeni ya kopo, mwambieni mtu wa maabara, msione haya. Homa kali iliyopita wiki kadhaa nyuma hushusha idadi. Na Hodgkin yenyewe mara nyingi hushusha kabla hata ya dawa, basi majibu yakiwa duni msidhani kijana amekosea.

Ulizeni pia ni dawa zipi. Mchanganyiko wa ABVD, yaani doksorubisini, bleomisini, vinblastini na dakabazini, hauumizi sana uzazi. Wenye prokabazini na saiklofosfamaidi kwa wingi ni habari nyingine. Hata akipewa ABVD tunashauri ahifadhi, kwa sababu ugonjwa ukirudi, dawa za awamu ya pili ni kali na wakati huo nafasi huwa finyu.

La mwisho, mama: usiwe wewe wa kumweleza namna ya kutoa. Mpe mjomba wake au muuguzi wa kiume, mlango ukiwa umefungwa. Ila aulizwe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kusikilizwa katika uamuzi unaomhusu, na huu unamhusu yeye kuliko yeyote. Kwenye fomu ya kituo andikeni namba za simu mbili au tatu za watu tofauti. Laini ikipotea na ada ikasimama, kituo kitatafuta, kitachoka, na mirija yenye mbegu zake itatupwa.

Kwa wanaojiuliza mbegu hukaaje miaka yote hiyo: huchanganywa na dawa ya kuzikinga na barafu, hugawanywa kwenye mirija myembamba, huzamishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Watoto wamezaliwa kwa njia hii tangu 1953. Wafugaji wa kanda yetu hawatashangaa, maana mtungi wa mtaalamu wa uhimilishaji anayekuja zizini unafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na mbegu za madume wa kituo cha Usa River, Arusha, husafiri hivyo hadi vijijini. Inauma kidogo kuona fahali amepangiwa safari vizuri kuliko kijana.

Nina miaka 27, nimeshafanyiwa upasuaji wa titi. Kemo inaanza baada ya wiki tatu: AC mara nne, kisha paklitakseli, halafu tamoksifeni miaka mitano. Nasikia kugandisha mayai ni pesa nyingi. Mchumba wangu anasema tuuze kiwanja. — Dada, Nkuhungu

Dada, kiwanja kisiuzwe kabla ya hesabu hii. Inayoumiza mayai zaidi katika orodha yako ni saiklofosfamaidi, ile C ya AC. Kipimo cha kawaida ni miligramu 600 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mara nne ni 2,400. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 30 kiasi hicho mara nyingi hakikaushi ovari. Wengi hedhi yao hurudi. Akiba ya mayai hupungua, lakini haiishi.

Adui wako mkubwa ni kalenda. Tamoksifeni, ile dawa ya homoni, kwa miaka mitano inakufikisha 33, na mimba hairuhusiwi ukiwa juu yake. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2023 uliwafuata wanawake walioitumia dawa ya homoni miezi 18 hadi 30, wakaisimamisha kwa muda usiozidi miaka miwili ili wazae, kisha wakairudia. Katika miaka michache ya mwanzo ugonjwa haukurudi zaidi kuliko kwa wasiosimamisha. Mwulize daktari wako kama hali yako inafanana na yao. Dawa huachwa miezi mitatu kabla ya kutafuta mimba.

Ukiamua mayai, wiki tatu zinatosha, na siku hizi huanzwa siku yoyote ya mzunguko. Ni sindano za kila siku kwa siku kumi hadi kumi na mbili, pamoja na vidonge vya letrozoli vya kuzuia homoni ya kike isipande, jambo la lazima kwa saratani inayolishwa na homoni. Ultrasound hurudiwa kila baada ya siku mbili tatu. Kisha sindano ya kukomaza, na saa 34 hadi 36 baadaye mayai huvutwa kwa sindano kupitia ukeni ukiwa umelazwa kwa dawa. Sindano hiyo ya kukomaza ndiyo watu huikosea: ukiambiwa saa nne usiku, ni saa nne usiku, si ukishamaliza kula. Ukichelewa, mayai yatavutwa machanga. Ukiwahi mno, yatakuwa yametoka yenyewe kabla ya kufika mezani.

Kwa mtu wa Dodoma gharama iliyojificha ni nyumba ya kulala wageni Dar kwa wiki mbili. Uliza kituo kama ultrasound za mwanzo zinaweza kupigwa hapa na picha zikatumwa. Uliza pia kama sindano zako zinahitaji friji ya nyuzi 2 hadi 8, maana nyingine zinahitaji na nyingine hazihitaji.

Ipo njia ya kati: goserelini miligramu 3.6, huchomwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, ya kwanza angalau wiki moja kabla ya kemo. Hulaza ovari usingizi na kupunguza uwezekano wa hedhi kukatika moja kwa moja. Haichukui nafasi ya mayai yaliyogandishwa, lakini haihitaji Dar. Na wakati wa kemo tumia kitanzi cha shaba au kondomu hata kama huoni hedhi. Mimba za "nilijua siwezi" tunaziona.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya. Hatuna mtungi wala daktari wa saratani. Tunachofanya ni kuandika rufaa. Kuna la maana tunaloweza kufanya? Pia kijana wa Kiislamu alikataa kutoa mbegu kwa mkono. — Kondoa

Ndugu muuguzi, ninyi ndio wa kwanza kujua, na karibu kila kinachopotea hupotea kati ya siku yenu na siku ya dripu. Kwenye barua ya rufaa ongezeni mistari mitatu: umri na hatua ya kubalehe (au, kwa mwanamke, tarehe ya hedhi ya mwisho pamoja na kipimo cha mimba); ana watoto wangapi; na "ameulizwa kuhusu uzazi, anataka hivi". Mstari huo wa tatu humlazimisha anayepokea asome na ajibu. Kisha pigeni simu kabla mgonjwa hajapanda basi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kituo cha IVF ni fimbo ya mbali sana kwa mtu wa Kondoa asipopangiwa siku.

Andikeni urefu na uzito pia. Kwa hivyo hupatikana eneo la mwili, ambalo dozi hupimwa kwalo: zidisha sentimita kwa kilo, gawanya kwa 3,600, tafuta kipeuo cha pili. Mtoto wa sentimita 150 na kilo 48: 7,200 gawanya kwa 3,600 ni 2, kipeuo chake ni mita za mraba 1.41. Akipangiwa saiklofosfamaidi miligramu 1,000 kwa mita ya mraba mara sita, jumla ni gramu 6 kwa mita ya mraba, sawa na gramu 8.5 hivi mwilini mwake. Hatari husomwa kwenye ile 6, si kwenye 8.5, hapo wengi huteleza. Kwa mvulana, kuvuka 4 ni dalili kwamba mbegu zinaweza kupungua sana au kwisha. Kwa msichana ambaye hajavunja ungo, 6 bado iko chini ya 8 ambapo wasiwasi huanza. Aliyevunja ungo wasiwasi huanza 4, na kuanzia 8 hatari ni kubwa. Akipewa dawa nyingine za kundi hilo, zigeuze kwanza ziwe sawa na saiklofosfamaidi: ifosfamaidi izidishe kwa 0.244, prokabazini kwa 0.857, kisha jumlisha. Watoto wawili, dripu zilezile, majibu mawili.

Kuhusu kijana wenu, hakukosea na asisukumwe. Aliyeoa anaweza kutumia kondomu maalumu isiyo na dawa ya kuua mbegu akiwa na mkewe, mradi maabara iko karibu. Asiyeoa anaweza kuchukuliwa kipande kidogo cha korodani akiwa amelazwa kwa usingizi kwa ajili ya kazi nyingine. Hukumu ya dini aulizwe sheikh wake, naye apewe maelezo kamili: ni matibabu, na ni kabla ya dawa inayoweza kukata kizazi. Mara nyingi kikwazo huwa ni chumba kisicho na komeo kuliko dini.

Nina miaka 31, mtoto mmoja. Nina saratani ya shingo ya kizazi na nimeandikiwa mionzi. Naweza kuzaa tena? — Manyoni

Pole sana. Tutasema wazi: mionzi ya nyonga pamoja na ile ya ndani huharibu ukuta wa mfuko wa uzazi, na baada yake mimba haibebeki. Kinachoweza kuokolewa ni ovari, ili usiingie ukomo wa hedhi ukiwa na miaka 31, mifupa ikadhoofika na joto likakusumbua usiku. Ovari huvutwa kwa upasuaji na kushonwa juu, nje ya eneo litakalochomwa, mishipa yake ya damu ikiwa salama, na huwekewa klipu ndogo za chuma ili mpangaji wa mionzi azione kwenye picha. Haihitaji kituo cha IVF. Inahitaji daktari wa upasuaji aliyeizoea na mazungumzo kati yake na mtu wa mionzi. Hushindikana ovari ikiteleza kurudi chini au mshipa ukijipinda, ndiyo maana upasuaji na mionzi visiachane mbali.

Ila kwanza uliza hatua ya ugonjwa. Kama uvimbe hauzidi sentimita 2 na haujasambaa, kuna upasuaji unaoondoa shingo ya kizazi na kuacha mfuko. Ugonjwa mdogo kabisa, unaoonekana kwa darubini tu, huweza kutibiwa kwa kukata kipande chenye umbo la pia. Kama uko katika kundi hilo na umeandikiwa mionzi, omba maoni ya daktari wa pili kabla hujaanza.

Mjukuu wangu wa kike, miaka 6, ana saratani ya damu. Mwingine wa jirani, mwenye selimundu, anasubiri kupandikizwa uboho pale Hospitali ya Benjamin Mkapa. Je, wanaharibiwa kizazi? — Bibi, Mpwapwa

Shikamoo bibi. Hawako sawa. Matibabu ya kawaida ya saratani ya damu aina ya limfu kwa watoto yana dawa chache za kuumiza ovari. Wasichana wengi hukua na kuzaa. Kupandikiza uboho, iwe kwa saratani au kwa selimundu kama inavyofanywa Benjamin Mkapa tangu 2023, hutanguliwa na dawa kali za kusafisha uboho, na zikiwamo busulfani au saiklofosfamaidi nyingi, hatari kwa ovari ni kubwa. Wazazi wa mtoto wa jirani waulize swali hili kabla ya tarehe ya kulazwa.

Kwa msichana ambaye hajavunja ungo hakuna mayai ya kuvuta. Kinachofanyika duniani ni kukata kipande cha ovari na kukigandisha. Mtoto wa kwanza kwa njia hiyo alizaliwa 2004 Ubelgiji. Mwenye saratani ya damu ana tahadhari yake: kipande kinaweza kubeba chembe za ugonjwa, kikirudishwa kikamrudishia.

Wahariri, dawa za saratani zenyewe watu hawazipati. Ninyi mnazungumzia mayai ya barafu. Ni haki gani hiyo? — Mstaafu, Area C, Dodoma

Mzee wetu, hoja yako ina uzito, na ndiyo maana hatukuanza na mayai. Tazama orodha kwa gharama: kuuliza swali siku ya rufaa ni bure. Kuchagua mchanganyiko wa dawa wenye madhara madogo pale ambapo uponyaji ni uleule, bure. Kufunika korodani kwa risasi wakati wa mionzi, karibu bure. Kuacha ovari moja nzima kwa msichana mwenye uvimbe wa upande mmoja, badala ya kufagia zote kwa mazoea, hupunguza kazi. Kugandisha mbegu za kiume ni sehemu ndogo ya gharama ya mayai. Mayai yako mkiani. Wanaokosa hayo ya mwanzo hawayakosi kwa umaskini wa nchi. Wanayakosa kwa sababu hakuna aliyefungua mdomo.

Kuhusu bima tuna msimamo. Bima inayolipia dripu, ikalipia na ondansetroni ya kuzuia kichefuchefu cha dripu hiyo, imeshakubali kwamba madhara ya tiba ni sehemu ya tiba. Kupoteza uzazi ni dhara la tiba hiyohiyo. Huko Marekani, majimbo ya Connecticut na Rhode Island yalitunga sheria za kuibana bima juu ya jambo hili 2017. Sisi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na vitita, yaani orodha za huduma zinazolipiwa, ni vitu vinavyojadiliwa. Pa kuanzia ni padogo: kugandisha mbegu na kuhamisha ovari, kwa mwenye barua ya daktari wa saratani tu. Mgonjwa anayeomba leo aandike maombi, apeleke na barua hiyo, na akikataliwa aombe jibu la maandishi. Asiye na bima amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kulipa, si baada.

Aliyekwisha kumaliza dawa zamani, na barua za namna hiyo zipo, asijihukumu mwenyewe. Mwanamume apime mbegu mara mbili, vipimo vikiachana miezi mitatu, kwa kuwa mbegu moja huchukua takriban siku 74 kutengenezwa. Zikiwa hazionekani, wapo ambao hupatikana ndani ya korodani kwa upasuaji wa darubini. Mwanamke apime homoni ya AMH, inayoonyesha akiba ya mayai, na asisubiri miaka: ovari iliyopigwa na dawa inaweza kufanya kazi leo na kufunga mapema. Wote wawili waende na orodha ya dawa walizopewa na jumla ya kila moja. Kama faili limebaki hospitali, ombeni nakala kwenye chumba cha kumbukumbu, ukurasa wa chati ya dawa.